Kompyuta Zetu na Mwananchi Anayesubiri Dirishani

Mkazi wa Goziba au Bumbire anapofunga safari ya kwenda makao makuu ya Wilaya ya Muleba, haendi matembezi. Ameutazama upepo tangu usiku, amelipa nauli ya boti, amewaachia wenzake nyavu zake, na akishafika mwaloni upande wa bara bado ana safari ya gari mbele yake. Shabaha yake yaweza kuwa leseni ya uvuvi, cheti cha kuzaliwa cha mtoto, au namba ya kumbukumbu ya malipo ili akalipe anachodaiwa. Kazi yenyewe ikianza ni ya dakika chache. Tatizo ni kwamba mara nyingine haianzi.

Mwandishi wa makala haya aliwahi kusimama katika foleni ya ofisi moja ya umma, nyuma ya mzee mmoja mvuvi. Kijana aliyekuwa dirishani alimwamkia kwa adabu, "Shikamoo mzee," akapokea karatasi zake, akabonyeza, akangoja. Kioo cha kompyuta kikabaki vile vile. Baada ya kitambo akasema, "Mzee wangu, nisamehe, mashine imeganda." Mzee akajibu bila hasira, "Marahaba mwanangu, nasubiri. Ila boti yetu inaondoka saa nane." Ilipotimia saa nane mashine ndiyo kwanza ilikuwa inafungua ukurasa wa pili. Mzee yule alilala bara siku hiyo, kwa gharama yake mwenyewe.

Fundi alipoitwa baadaye hakukuta kifaa chochote kilichovunjika. Alikuta kompyuta yenye kumbukumbu ndogo iliyobebeshwa mizigo mingi kwa wakati mmoja: programu ya kukinga virusi ilikuwa inakagua diski nzima, kivinjari kilikuwa kimefunguliwa kurasa nyingi ambazo hakuna aliyekuwa anazisoma, na programu kadhaa zisizohusiana na kazi zilikuwa zimejiwasha zenyewe tangu asubuhi. Kijana hakuwa mvivu, wala mashine haikuwa mbovu. Kilichokosekana ni usimamizi.

Kuna desturi imejengeka katika ofisi zetu, Bukoba na Muleba na kwingineko, kwamba kompyuta ikiwa nzito husemwa imezeeka. Ikisemwa imezeeka hupelekwa stoo. Na ikipelekwa stoo huombwa fedha za kununulia nyingine. Makala haya yanataka kusema kwamba aghalabu uzito huo hautokani na umri wa mashine bali na namna kumbukumbu yake inavyotawaliwa, na kwamba jambo hilo lina dawa. Fauka ya hayo, linamhusu kila kiongozi anayetia saini hati ya manunuzi, si mafundi peke yao.

MASIJALA YA KOMPYUTA

Kila mtumishi wa Serikali anaijua masijala. Humo mna makabati yenye mafaili mamia kwa maelfu. Mezani kwa ofisa hayakai yote. Yanakaa machache tu ambayo anayafanyia kazi. Akihitaji jingine humtuma karani wa masijala alilete, na kama meza imejaa, karani hana budi kuondoa mojawapo kwanza ili lile jipya lipate nafasi.

Kompyuta hufanya kazi kwa mtindo huo huo. Meza ni ile kumbukumbu ya muda ambayo mafundi huiita ramu. Makabati ni diski, ambamo mambo hudumu hata umeme ukikatika. Watu wengi huvichanganya viwili hivi. Utamsikia mtu akisema kompyuta yake ina kumbukumbu kubwa ya gigabaiti 500, kumbe anataja ukubwa wa makabati, na meza yake ni ya gigabaiti nne tu. Makabati yakiwa makubwa kiasi gani, meza haiongezeki hata shubiri moja.

Karani wa masijala hii ni mfumo endeshi, yaani ile programu kuu inayoziongoza programu nyingine zote. Kwa jina la biashara yaweza kuwa Windows, yaweza kuwa Linux. Karani huyu huigawa kumbukumbu katika vipande vidogo viitwavyo kurasa. Katika kompyuta nyingi za mezani kila ukurasa una baiti 4,096, kwa hiyo meza ya gigabaiti nne ina kurasa zaidi ya milioni moja. Kila mara nafasi inapokwisha, karani hana budi kuamua: ukurasa upi ubaki mezani, na upi urudi kabatini? Akiamua vema, mtumiaji haoni lolote. Akiamua vibaya, ukurasa alioutoa sasa hivi unahitajika tena papo hapo, naye analazimika kurudi makabatini kuufuata.

Gharama ya kurudi makabatini ni kubwa kuliko watu wanavyodhani. Kusoma kitu kilichomo katika ramu huchukua kama nanosekunde 100. Kukitafuta katika diski ya zamani yenye sahani inayozunguka huchukua kama milisekunde 10, yaani muda ulio mkubwa mara laki moja. Hesabu hizi ni ndogo mno kwa akili ya binadamu, basi tuzikuze. Tuseme kuchukua faili lililopo mezani ni kazi ya sekunde moja. Kwa kipimo hicho, kulifuata faili lililomo katika diski ya zamani ni safari ya sekunde 100,000, ambayo ni zaidi ya saa 27. Diski mpya zisizo na sahani hupunguza safari hiyo iwe kama dakika 17. Hiyo ni nafuu kubwa, lakini bado dakika 17 si sekunde moja. Mtu wa visiwani hahitaji maelezo zaidi kuhusu tofauti ya kuchukua kitu kilicho mkononi na kukivukia ziwa.

MARADHI YANAYOJULIKANA ZAMANI

Mambo haya hayakuanza jana. Katika Chuo Kikuu cha Manchester, Uingereza, kikundi cha wataalamu kilichoongozwa na Tom Kilburn, kikishirikiana na kampuni ya Ferranti, kilitengeneza kompyuta iliyoitwa Atlas. Ilizinduliwa tarehe 7 Desemba 1962, siku mbili kabla Tanganyika haijawa Jamhuri. Mashine hiyo ndiyo iliyoonyesha njia ya kuziunganisha meza na makabati ili programu ione kana kwamba ina kumbukumbu moja kubwa, huku mfumo wenyewe ukihamisha kurasa kwenda na kurudi bila mtumiaji kujua. Kompyuta zote za mezani tulizonazo leo zimerithi hekima hiyo.

Baraka hiyo ilikuja na maradhi yake. Mwaka 1968, mwaka mmoja baada ya Azimio la Arusha, mtaalamu wa Kimarekani Peter Denning aliyaeleza maradhi hayo kwa ufasaha. Alisema kila kazi ina fungu lake la kurasa inazozihitaji kwa kipindi fulani, na fungu hilo lisipoenea mezani kazi haiendi. Ukiziingiza kazi nyingi ambazo mafungu yake kwa pamoja yamezidi ukubwa wa meza, karani huanza kuhangaika: analeta ukurasa wa kazi hii kwa kuuondoa wa kazi ile, na kazi ile ikipata zamu inaudai ukurasa wake, basi anauleta kwa kuuondoa wa kazi hii. Siku nzima anashinda njiani. Kichakataji, yaani bongo la mashine, kinakaa bure kikisubiri, diski inalia, na mwananchi aliye dirishani anaambiwa mashine imeganda.

Funzo la Denning ni kwamba kuganda huku si kupungua kwa nguvu polepole. Ni kama boti: ikiongezwa abiria mmoja mmoja huenda vizuri hadi kikomo chake, na baada ya kikomo hicho hatari huja kwa ghafla. Kompyuta iliyokuwa inafanya kazi vema na programu nne yaweza kulemewa kabisa na ya tano. Mtumiaji asiyejua huongeza balaa, kwani akiona haijibu hubonyeza tena na tena, na kila mbonyezo ni ombi jipya kwa karani aliyekwisha lemewa.

MASHINE INAMTUMIKIA NANI?

Hapa tunafikia swali la siasa hasa, maana siasa ni swali la nani atangulizwe.

Kanuni aliyopewa karani kwa miaka mingi ilikuwa nyepesi: uondoe ukurasa ambao haujaguswa kwa muda mrefu kuliko zote. Ni kanuni ya busara, ila ina tundu. Tuseme siku moja anakuja mkaguzi wa hesabu anayetaka kupitia kila faili la masijala mara moja moja. Karani akiifuata kanuni yake bila kufikiri, mafaili ya mkaguzi yataonekana ndiyo yaliyoguswa sasa hivi, na mafaili ya kazi za kila siku yataonekana ya zamani. Basi yatarudishwa makabatini yote. Mkaguzi anaondoka na hatayahitaji tena mafaili yale, lakini meza imejaa vitu vyake, na ofisa akirudi anakuta kila anachokihitaji kipo mbali. Programu inayokagua virusi usiku, au inayonakili mafaili makubwa, hufanya hivyo hivyo. Ndiyo sababu mashine iliyoachwa salama jioni hukutwa asubuhi nzito kama iliyolewa.

Mtu mmoja aliyelikazania jambo hili ni Con Kolivas wa Australia. Kwa kazi yake alikuwa daktari wa usingizi, yule anayemlaza mgonjwa kabla ya kupasuliwa; lakini kwa kujitolea alijifunza kuandika programu na kurekebisha kiini cha Linux, akiwa na nia ya kuifanya kompyuta ya mezani iwe nyepesi kumjibu mtumiaji. Moja ya kazi zake ilikuwa utaratibu wa kumwagiza karani kwamba, mashine ikipumzika na meza ikiwa na nafasi, ayarudishe mezani yale yaliyohamishwa, bila kungoja kuombwa. Ni kama karani mwema ambaye wakati wa mapumziko huipanga upya meza ya mkuu wake ili akirudi asihangaike.

Utaratibu huo ulijadiliwa kwa muda mrefu lakini haukuingizwa katika Linux rasmi, na mwaka 2007 daktari huyo aliiacha kazi hiyo kwa kipindi. Manung'uniko yake yanatufaa hata sisi. Alilalamika kwamba wajenzi wa mfumo walikuwa wanazitazama zaidi seva kubwa za makampuni, ambazo hupimwa kwa wingi wa kazi zinazokamilika kwa saa, na walikuwa wanamsahau mtu mmoja aliyeketi mbele ya kompyuta moja. Seva ikichelewesha ombi moja kati ya elfu kwa sekunde kumi, hesabu ya jumla haionyeshi. Mtu aliyechelewa ndiye aliyeziona sekunde kumi zote.

Ndugu zangu watendaji, je, mambo hayo ni ya kompyuta peke yake? Taarifa ya mwaka ikionyesha kwamba hati maelfu zimetolewa, tunapongezana. Mzee aliyelala bara kwa sababu ya mashine iliyoganda haonekani katika taarifa ile. Mfumo uliopangwa kwa kutazama jumla humwacha nyuma aliye mbali, na aliye mbali katika wilaya yetu ni mtu wa Goziba, Bumbire, Ikuza, Kerebe na Mazinga.

DAWA ZILIZOPATIKANA

Kwa bahati njema elimu haikusimama. Katika miaka ya karibuni zimepatikana dawa mbili kubwa ambazo kila ofisa anafaa azijue kwa jina na kwa kazi.

Dawa ya kwanza ni kuikunja kumbukumbu. Wavuvi wanajua kwamba wavu ukitandazwa huchukua ufuo mzima, ukikunjwa hutosha pembe ya boti, na ukikunjuliwa ni wavu ule ule, halijapungua hata jicho moja. Mfumo endeshi wa siku hizi, badala ya kukimbilia diski meza inapojaa, huzikunja kwanza kurasa zisizotumika sana na kuziweka katika kona ya ramu hiyo hiyo. Kuukunjua ukurasa huchukua muda kidogo wa kichakataji, lakini ni muda mfupi mno ukilinganishwa na safari ya diski. Kampuni ya Apple iliuingiza utaratibu huo katika kompyuta zake mwaka 2013. Microsoft iliuingiza katika Windows 10 mwaka 2015. Na katika Linux upo kwa jina la zram, uliokubaliwa rasmi mwaka 2014. Toleo la Linux liitwalo Fedora liliufanya kuwa desturi yake tangu mwaka 2020. Kwa mashine yenye gigabaiti nne, hii ni sawa na kuirefusha meza bila kununua ubao.

Dawa ya pili ni utaratibu wa marika. Wazee wetu hawakuwagawa watu katika makundi mawili tu, wazee na vijana. Walikuwa na marika, na kila rika lilijulikana nafasi yake. Kwa miaka mingi Linux ilizigawa kurasa katika orodha mbili, zinazotumika na zisizotumika, na mgawanyo huo wa juu juu ulimfanya karani akosee mara kwa mara. Mhandisi Yu Zhao wa kampuni ya Google aliandika utaratibu mpya unaozipanga kurasa katika marika kadhaa kwa umri wa matumizi yake. Ukurasa ukiguswa huhesabiwa katika rika changa. Usipoguswa huzeeka hatua kwa hatua. Na nafasi inapotakiwa huondolewa walio katika rika la zamani kabisa. Utaratibu huo uliingizwa katika Linux toleo 6.1, Desemba 2022. Google ilieleza kwamba katika vifaa vyake kazi ya karani anayesafisha kumbukumbu ilipungua kwa asilimia 40, na muda wa kawaida wa kufungua programu ulipungua kwa asilimia 18. Mashine ni zile zile. Kilichobadilika ni akili ya kuchagua.

Waama, hakuna dawa inayotibu kila kitu. Kama kazi za lazima za ofisi zinahitaji meza kubwa kuliko iliyopo, hakuna hekima ya karani itakayoziba pengo hilo. Hapo dawa ni kuongeza ramu. Lakini hata hapo, kuongeza ramu ni kununua kipande kidogo cha kuchomeka ndani ya mashine iliyopo, wala si kununua mashine nzima.

HISTORIA YETU WENYEWE

Taifa letu lina historia na kompyuta, nayo inafundisha. Kompyuta ya kwanza ya Serikali ilifungwa katika Wizara ya Fedha mwaka 1965. Baada ya usumbufu na hasara katika kuzihamishia hesabu za Serikali kwenye mashine, mwaka 1974 Serikali ilipiga marufuku uingizaji wa kompyuta nchini bila kibali maalum. Wapo waliolicheka agizo hilo, na baadaye marufuku iliondolewa. Lakini swali lililokuwa nyuma yake lilikuwa la haki: kwa nini fedha za kigeni za wakulima wa kahawa na pamba zinunue mashine ambazo hatujajiandaa kuzitawala? Marufuku imekwisha, swali halijajibika.

Pia tunayo mifano ya kujitegemea. Mwaka 2004 wataalamu wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, chini ya mradi wa Kilinux, walitoa Jambo OpenOffice, fungu la programu za ofisi kwa Kiswahili, lililojengwa juu ya programu huria ambazo mtu yeyote anaruhusiwa kuzitumia, kuzichunguza na kuzirekebisha. Walithibitisha kwamba Mtanzania hana haja ya kuwa mnunuzi tu wa mashine. Anaweza kuwa bwana wake.

Swali hilo limerudi kwa nguvu mpya. Tarehe 14 Oktoba 2025 kampuni ya Microsoft ilisitisha huduma ya kawaida ya bure ya kuitengeneza na kuilinda Windows 10. Toleo linalofuata, Windows 11, linadai ramu isiyopungua gigabaiti nne pamoja na kifaa maalum cha usalama ambacho kompyuta nyingi za zamani hazina. Maana yake ni kwamba kompyuta ambayo kichakataji chake ni kizima, kioo kizima, na umeme wake mzima, yaweza kuhukumiwa kufa kwa sababu ya uamuzi uliotolewa ng'ambo. Kuitumia bila kinga ni hatari kwa siri za Serikali. Kuitupa ni kuitupa mali ya umma. Njia ya tatu ipo, nayo ni kuipa mfumo endeshi mwepesi ulio salama, wenye zile dawa mbili tulizozitaja.

YANAYOPASA KUFANYWA

Kwanza, pasiwe na hati ya kuihukumu kompyuta bila uchunguzi wa kumbukumbu yake. Uchunguzi wenyewe si wa siri. Katika Windows, mtumishi akibonyeza kwa pamoja vitufe vya Ctrl, Shift na Esc, huonyeshwa jinsi ramu, diski na kichakataji vinavyotumika. Ikiwa ramu imejaa zaidi ya asilimia 90 na diski iko kwenye asilimia 100, huyo ni karani anayehangaika. Ikiwa vyote vimetulia na bado ukurasa wa mfumo haufunguki, basi tatizo liko katika mtandao, na kununua kompyuta mpya hakutalitatua hata kidogo. Ni mara ngapi tumenunua mashine kwa sababu ya kosa la waya?

Pili, kazi ndogo zitangulie kazi kubwa. Programu zinazojiwasha zenyewe bila sababu zizimwe. Ukaguzi wa virusi upangiwe saa ambazo dirisha limefungwa. Kivinjari kiwe na kurasa za kazi tu, hasa kwa kuwa mifumo mingi ya Serikali siku hizi hutumika kupitia kivinjari, nacho ndicho kinachokula meza kuliko programu nyingine. Hatua hizi hazihitaji shilingi moja.

Tatu, fedha kidogo zilizopo zianze na ramu, kisha diski zisizo na sahani, na kompyuta mpya ziwe za mwisho. Kwa mizani ya saa 27 na dakika 17 tuliyoiona juu, mwenye akili ataona kipi kinunuliwe kwanza.

Nne, Halmashauri zichague kompyuta chache zilizomo stoo, zifanyiwe majaribio ya mfumo mwepesi, na matokeo yapimwe. Jambo hili lifanywe kwa utaratibu, wala si kwa kila fundi kujifanyia apendavyo. Sheria ya Serikali Mtandao ya mwaka 2019 inazitaka taasisi za umma zifuate viwango na miongozo, na Mamlaka ya Serikali Mtandao ipo kwa ajili ya kushauri. Aidha lazima ihakikishwe kwamba mifumo ya malipo, mishahara na manunuzi inafunguka barabara, na printa zinakubali, kabla ya mtumishi yeyote kukabidhiwa mashine hiyo.

Tano, na hili ni kubwa, kipimo cha wepesi wa kompyuta kiwe ni muda wa mwananchi dirishani. Tuhesabu tangu anapotoa karatasi hadi anapoondoka na alichokifuata. Gigabaiti na miaka ya mashine ni habari za fundi. Dakika za mwananchi ndizo habari za kiongozi. Na dirisha linalohudumia watu wa visiwani lipewe mashine iliyo nyepesi kuliko zote ofisini. Mara nyingi mashine bora hukaa katika chumba cha mkubwa, ambaye huitumia kusoma barua mbili kwa siku.

Nanyi ndugu wa visiwani, msiridhike na neno "imeganda" kana kwamba ni amri ya Mungu. Kwa heshima na utulivu, ulizeni katika mikutano ya vijiji na kwa madiwani wenu: imeganda kwa sababu gani, nani amechunguza, na amekuta nini? Mali bila daftari hupotea bila habari, na kumbukumbu ya kompyuta nayo ni mali ya umma.

Wapo watakaosema kwamba kukarabati vya zamani ni fikra za umaskini. Tuwaelekeze bandarini. Meli ya Victoria iliingia kazini katika ziwa letu mwaka 1961. Iliposimama mwaka 2014, safari ya Bukoba na Mwanza ikawa ya taabu kwa wakulima na wafanyabiashara. Serikali haikuifanya chuma chakavu. Iliifanyia matengenezo makubwa, ikabadilishiwa injini, na mwaka 2020 ikarejea kubeba abiria na ndizi zetu kati ya Bukoba, Kemondo na Mwanza. Kama bodi la meli lililokaa majini tangu mwaka ule wa Uhuru lilistahili kupewa moyo mpya, kompyuta ya miaka minane iliyomo stoo, ambayo imepungukiwa ramu na karani mwenye akili, haistahili kuzikwa ikiwa hai.

Mzee yule mvuvi aliondoka siku ya pili yake na karatasi yake mkononi. Hakumlaumu mtu. Lakini deni lipo, nalo ni la sisi tuliopewa ofisi: siku moja ya uvuvi na malazi ya usiku mmoja, kwa ajili ya mashine ambayo ilihitaji tu kupangwa.